Asilimia Nne Niliyoitaja kwa Simu

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwanzoni mwa Julai, wiki ile ambayo wabunge wamekwisha kuondoka baada ya Bunge la Bajeti na hoteli za Dodoma zinaanza kushusha bei ya vyumba. Upepo wa msimu ulikuwa umeanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha mapokezi, nikimwangalia mhudumu wetu akifuta vumbi kwenye kaunta kwa mara ya nne siku hiyo, simu yangu ikaita. Alikuwa mkurugenzi wa kituo kingine cha afya, upande wa Kisasa, tabibu mzoefu ambaye nimemfahamu kwa miaka sita na ambaye kwa heshima ya umri namwita dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Samahani kwa kukusumbua jioni yote hii. Nina swali moja tu. Ninyi madai yenu ya bima mnakatwa asilimia ngapi?"

Sikufikiri. "Nne," nilisema. "Ikizidi sana, tano."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia mtoto akilia nyuma yake, na mtu akiulizia faili. Kisha akasema, "Hongereni. Basi sisi tuna tatizo," akanishukuru, akakata simu.

Mezani kwangu, chini ya kikokotoo, ilikuwapo barua ya mrejesho wa madai yetu ya Aprili. Tulikuwa tumekatwa asilimia 15, yaani katika kila shilingi mia tulizoidai bima kwa wagonjwa tuliowatibu, kumi na tano ilikataa kuzilipa.

Uongo usio na faida

Nimeahirisha makala hii kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila nilipoanza kuiandika niligundua kwamba ninaandika utetezi. Rasimu ya kwanza ilidai kwamba nilichanganya hesabu za Aprili na za Januari. Januari tulikatwa asilimia 9, kwa hiyo hata utetezi wenyewe ulikuwa uongo mwingine.

Kilichonisumbua ni kwamba sikuwa na cha kupata. Dada huyu hawezi kuninyang'anya wagonjwa kwa kujua makato yangu. Wagonjwa wa Nkuhungu, kilipo kituo changu, hawachagui kituo kwa kusoma barua za mrejesho. Wanaangalia kama dawa ipo, kama foleni ni fupi na kama muuguzi anaitikia salamu. Baada ya kujipekua nilikubali sababu ambayo sikuipenda. Mimi si daktari. Ni mhasibu niliyerithi kituo cha afya, na makato ya madai ni jambo la makaratasi, yaani ni jambo langu hasa. Ningeulizwa kuhusu mashine ya ultrasaundi iliyoharibika ningesema kweli bila kusita, kwa kuwa aibu ya mashine si yangu.

Wiki ya pili alipita kijana anayetuletea vitendanishi vya maabara. Watu wa kazi yake huzunguka karibu vituo vyote vya jiji hili, na pamoja na mizigo hubeba habari. Akiwa anasubiri risiti aliniambia, kama mtu anayepitisha muda tu, kwamba kule Kisasa karani wa madai amepewa barua ya onyo, kwa sababu mkurugenzi amegundua kwamba wenzao wanakatwa asilimia 4 tu.

Wenzao hao ni mimi.

Changamoto ni za kawaida

Tangu Serikali ihamie hapa, Dodoma imekuwa mji wa mikutano. Kati ya Aprili na Juni, Bunge la Bajeti linapoketi, kila taasisi inayotaka kusikika huandaa semina yake wakati huohuo, na mtu wa nafasi yangu akikubali mialiko yote anaweza kunywa chai ya saa nne ugenini wiki nzima bila kukanyaga ofisi yake. Nimehudhuria nyingi. Kamba za vitambulisho vya shingoni ninazo za kila rangi, na mke wangu amekwisha kuzipatia kazi ya kufungia mapazia.

Katika semina hizo kuna duru ya kujitambulisha. Kila mmoja husimama, hutaja jina, kituo na idadi ya vitanda, kisha humalizia kwa maneno manne ambayo tumeyasema mara nyingi kiasi cha kutoyasikia tena: changamoto ni za kawaida. Maneno hayo hufunga mlango kwa adabu. Hayasemi uongo, maana ni kweli kwamba kila kituo kina madeni, dawa zinazoisha muda na wafanyakazi wanaoacha kazi bila taarifa. Ila yanamwambia msikilizaji kwamba asiulize ni deni la kiasi gani.

Nimo pia katika makundi matatu ya WhatsApp ya viongozi wa vituo vya afya. Hupitishwa humo matangazo ya kazi, michango ya misiba, nyaraka za wizara na, siku za Ijumaa na Jumapili, dua. Kwa miaka yote niliyomo sijaona mtu akiandika kwamba mwezi huu ameshindwa kulipa mishahara na anaomba kujua wenzake walifanyaje walipofika hapo.

Vyama vya taaluma vipo na sivibezi. APHFTA, chama cha vituo binafsi vya afya, imekuwa ikiviunganisha vituo hivyo tangu mwaka 1994, na CSSC, tume ya Kikristo ya huduma za jamii, imekuwa ikisimamia huduma za jamii za makanisa, zikiwamo hospitali, tangu 1992. Bila vyama hivyo kila mmoja wetu angekwenda wizarani peke yake na bahasha yake. Lakini chama huzungumza kwa niaba yetu kwa watu wa nje, na mahali pa kusemeshana sisi kwa sisi, kwa takwimu, ni jambo jingine ambalo hatukuwa tumelijenga.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza mwaka 1973 kwa nini habari mpya, hasa za nafasi za kazi, mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali. Ndugu na marafiki wa karibu huwa wanajua yaleyale tunayoyajua, ilhali mtu wa mbali ametoka katika duara jingine. Yule kijana wa vitendanishi ni ushahidi tosha. Hata hivyo nina mpaka wangu na hoja hiyo. Uzi mwembamba hubeba habari za wengine. Hesabu inayomwaibisha anayeitoa huhitaji kamba nene, na kamba ya namna hiyo haisukwi katika duru ya kujitambulisha.

Anayesaini hundi haulizwi

Kituo chetu kilianzishwa na marehemu baba yangu, tabibu mstaafu, katika miaka ya tisini. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imezuia tiba binafsi ya kibiashara, marekebisho ya 1991 yakairuhusu tena, naye akauza ng'ombe, akakodi nyumba ya vyumba vinne, akaanza. Nilipokea funguo mwaka 2012 nikiwa na shahada ya uhasibu na imani kwamba kituo cha afya ni biashara kama nyingine, isipokuwa wateja wake wanaumwa.

Madaktari, wauguzi na wafamasia ninaowaajiri wanadaiwa na mabaraza yao mafunzo endelevu ili leseni zao zihuishwe. Ninawaona wakihesabu pointi kila mwaka unapokaribia kwisha, wengine wakilalamika, wengine wakijiunga na mafunzo ya mtandaoni usiku wa manane wakiwa zamu. Mimi ninayesaini hundi, ninayeamua dawa gani inunuliwe kwanza na nani aongezwe mkataba, hakuna aliyewahi kuniuliza kama kiongozi wa kituo nimejifunza nini tangu 2012.

Na tangu wakati huo ulimwengu wa kazi hii umegeuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, ikanikuta na rejista ya wagonjwa iliyo wazi juu ya kaunta. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma mwaka 2023. Tarehe 1 Machi 2024 kitita kipya cha mafao cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipia, kikaanza kutumika, na jedwali la bei nililokuwa nimelikariri likawa karatasi ya kufungia vitumbua. Kila badiliko nililipokea kwa namna ileile: nilisoma waraka, nikampa mhasibu msaidizi nakala, nikaamini kwamba tumeshaelewa.

Mabango matano ukutani

Ili nisijionee huruma kupita kiasi, niseme kwamba nilijaribu kujifunza. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mafunzo ya siku mbili kuhusu 5S, mbinu ya kupanga mahali pa kazi iliyotoka katika viwanda vya Japani, ikapitia hospitali moja ya wanawake huko Colombo, Sri Lanka, na kufika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kabla ya kusambaa nchini. Kiswahili chake kimekaa vizuri mdomoni: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Nilirudi nikiwa na moto. Nikachapisha mabango matano ya rangi, moja kwa kila neno, nikayabandika stoo.

Baada ya miezi mitatu maboksi ya glovu yalikuwa yamerudi mlangoni, na moja limeegemezwa juu ya neno "sanifisha".

Mwaka uliofuata nilikwenda mkoa mwingine kumjulia hali shangazi aliyekuwa amelazwa. Nikiwa nasubiri saa ya kuona wagonjwa nilipita karibu na stoo ya wodi, na mlango ukiwa wazi nikaona kitu ambacho mafunzo hayakunionyesha. Pembeni mwa kila rafu kulikuwa na picha, picha ya kawaida iliyochapishwa kwa rangi hafifu, ikionyesha rafu hiyohiyo inavyotakiwa kuonekana siku ya Ijumaa saa kumi jioni. Mtunza stoo alifurahi kwamba kuna mtu amevutiwa na rafu zake. Aliniambia kwamba yeye hakuhudhuria semina yoyote. Walipelekwa watu watatu Mbeya kuangalia, wakakaa siku nne stoo, wakarudi na wazo la picha.

Nilirudi Dodoma, nikapiga picha rafu zetu. Mpaka leo zimekaa. Mabango niliyaondoa mwenyewe.

Nilipaswa kuelewa siku ile kilichotokea. Nilikuwa nimejifunza mengi zaidi kwa dakika kumi mlangoni mwa stoo ya mtu kuliko kwa siku mbili ukumbini, kwa sababu mtu alinionyesha kitu chake halisi, chenye vumbi lake. Nilielewa kuhusu rafu. Kuhusu vitabu vyangu vya hesabu sikuelewa mpaka nilipodanganya.

"Mwambie yeye"

Mwishoni mwa Julai nilikwenda Kisasa bila miadi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na nilipofika nikayasahau, nikasema tu kwamba ile asilimia 4 niliyomtajia haikuwa kweli, kwamba tunakatwa 15.

Dada hakucheka, ingawa nilitarajia acheke. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga yake, akaivaa tena.

"Nimempa mtu barua kwa ajili ya maneno yako."

"Najua, dada."

"Unajua?"

Nikamweleza habari ya kijana wa vitendanishi. Akatikisa kichwa, akamwita karani wake. Aliingia binti wa miaka ishirini na kitu, ameshika kalamu, uso wa mtu anayedhani anaitwa kuongezewa barua ya pili.

"Mwambie yeye," dada alisema.

Nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi wa kodi na mbele ya jopo la benki. Hakuna palipokuwa pagumu kama hapo. Nilimwambia binti yule kwamba mimi ni mhasibu kwa taaluma, kwamba kituo changu kinakatwa asilimia 15, na kwamba bosi wake alilinganisha kazi yake na namba ambayo niliibuni nikiwa nimesimama mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia dada.

"Kwa hiyo barua inarudi?"

"Inarudi," dada akasema. "Na wewe," akanigeukia, "hutoki hapa. Lete fomu zako kesho."

Rula juu ya jina

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilibeba fomu sitini zilizokatwa, dada akatoa zake, tukazitandaza kwenye meza ya chumba cha mikutano ambacho pia ni chumba cha kulia chakula. Kabla sijaanza kusoma, yule karani alichukua rula ndefu ya plastiki, akailaza juu ya mstari wa jina na namba ya kadi kwenye fomu ya kwanza. Kila alipoisogeza fomu mbele yetu aliisogeza pamoja na rula. Hakuna aliyemwagiza. Nilimuuliza alijifunza wapi, akasema alisoma sheria ile ya taarifa binafsi ilipotoka, akaona kwamba wagonjwa wa hapa wengine ni majirani zake.

Kwa saa mbili za kwanza hatukujadili chochote. Tulipanga mafungu: ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa, saini ya mgonjwa haipo, kipimo kimedaiwa bila jibu lake, huduma si ya ngazi ya kituo, fomu imechelewa. Fungu langu kubwa lilikuwa la saini, na hilo sikulitegemea, kwani kwa miezi mingi nilikuwa nikiwalaumu matabibu kwa kuandika majina ya magonjwa kwa mkato.

Karani ndiye aliyeliona. Alikuwa akiangalia kona ya juu ya fomu, mahali pa tarehe na saa, mahali ambapo mimi sikuwahi kupaangalia. "Hizi zote ni za usiku," alisema.

Zilikuwa za usiku. Zamu yetu ya usiku ina tabibu mmoja na muuguzi mmoja. Mgonjwa hutibiwa, hupewa dawa, huondoka na bodaboda, na asubuhi muuguzi huhamisha maelezo kutoka daftarini kwenda kwenye fomu, wakati mwenye saini amelala nyumbani kwake Chang'ombe. Hapakuwa na mzembe. Kulikuwa na utaratibu ambao niliuweka mimi mwenyewe, mwaka ule nilipoamua kwamba fomu tupu zifungiwe kabatini usiku ili zisipotee, na funguo nikae nazo.

Dada alinionyesha wanavyofanya kwao. Dirisha la dawa halitoi dawa ya mwisho mpaka fomu ifungwe, yaani iwe na ugonjwa, saini ya mtoa huduma na saini ya mgonjwa au ndugu yake. Si jambo la sayansi. Ni dawa ya mwisho tu, hata kama ni paketi ya dawa ya maumivu, kwa sababu mgonjwa aliyekwisha kupata kila kitu hana haja tena ya karatasi yenu.

Kwake tatizo lilikuwa jingine, na nafarijika kusema kwamba hapo nilikuwa na cha kurudisha. Alikuwa akihesabu madai kama mapato siku anayoyapeleka, akiagiza dawa kwa hesabu hiyo, kisha akishangaa kwamba wasambazaji wanamkalia kooni ilhali "fedha ipo". Nilimchorea jedwali la umri wa madeni, safu ya siku 30, ya 60, ya 90 na ya zaidi ya hapo, tukajaza kwa penseli. Alipoona safu ya mwisho alikaa kimya muda mrefu.

"Miaka kumi na minne naendesha kituo," alisema, "na sijawahi kuiona fedha yangu ikiwa imezeeka namna hii."

Mkoa uliowahi kusema unachokosa

Njiani kurudi nilikumbuka jambo ambalo watu wa mkoa huu huwa tunalipita haraka. Mwaka 2014 Dodoma ndiyo ulikuwa mkoa wa kwanza kujaribu utaratibu wa mshitiri, yaani msambazaji mmoja mkuu wa mkoa, uitwao Jazia, kwa vituo vya umma. Awali dawa ilipokosekana Bohari ya Dawa, kila zahanati ilihangaika na ununuzi wake, kwa kiasi kidogo na kwa muuzaji yeyote. Chini ya utaratibu ule mahitaji yaliyokosekana Bohari yaliunganishwa, yakapelekwa kwa mshitiri mmoja aliyepatikana kwa zabuni. Mwaka 2016 ukafika Morogoro na Shinyanga, na 2018 nchi nzima.

Sisi wa vituo binafsi tulikuwa tukiuangalia kwa juu ya ua. Mimi nilivutiwa na bei. Nilichopaswa kuvutiwa nacho ni kwamba ili hitaji liunganishwe, mganga mfawidhi wa zahanati ya Bahi na mwenzake wa Mpwapwa ilibidi kila mmoja aandike waziwazi kile alichokikosa, kwa jina na kwa idadi. Orodha ya "changamoto ni za kawaida" haiwezi kutangaziwa zabuni.

Tusiyozungumza

Tangu Agosti tumekuwa watano. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, kwa zamu katika vituo vyetu, bila posho na bila bango. Niliogopa mambo mawili kabla hatujaanza, na bado hayajaniisha.

La kwanza ni la kisheria. Wamiliki wa biashara za aina moja wakikaa chumba kimoja na kufunga mlango, mtu mwenye busara anapaswa kuuliza wanaongea nini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei, na haitoi msamaha kwa sababu mazungumzo yalianza na chai. Kwa hiyo tulikubaliana, tukaandika na kusaini, kwamba bei za wagonjwa wa fedha taslimu, mishahara na zabuni havitajwi mezani. Kuna siku mwenzetu mmoja aliteleza, akauliza "kumwona daktari kwenu ni shilingi ngapi", na dada akagonga meza kwa kijiko. Najua wapo watakaoona huu ni woga. Mimi naona kwamba kikao kisichojua kisichopaswa kuzungumzwa huishia kuzungumza hicho hicho.

La pili ni la watu. Ukimfungulia mwenzako vitabu atajua nani kwako ni mzuri. Katika mwezi wetu wa pili wa vikao niligundua kwamba mmoja wetu alikuwa amempigia simu mtaalamu wangu wa maabara. Nilikasirika, nikataka kujitoa. Dada aliniuliza swali ambalo sikulijibu mpaka kesho yake: mtaalamu huyo alipopigiwa simu, kwa nini alisikiliza? Nilikwenda kuzungumza naye. Amebaki, kwa sasa, na nimejifunza kwamba alikuwa ameomba mara mbili kubadilishiwa zamu na barua zake zilikuwa mezani kwangu. Aliyempigia hakuja tena vikaoni. Nafasi yake ameichukua mwingine, kwa hiyo tumebaki watano.

Namna tunavyokaa tuliiazima. Mwaka 2003 daktari wa ini aitwaye Sanjeev Arora, wa Chuo Kikuu cha New Mexico huko Albuquerque, Marekani, alikuwa na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakisafiri mbali na kusubiri kwa miezi. Akaanza kukutana kwa video na watoa huduma wa vijijini, na badala ya kuwahutubia tu, kila mmoja alileta mgonjwa wake, wakamjadili wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa waliotibiwa na watoa huduma hao walipona kwa kiwango sawa na wale wa kliniki ya chuo kikuu. Sisi hatuna ini la kujadili. Kila mwenye zamu huleta jambo moja lililomshinda mwezi huo, na karatasi yake halisi, na haruhusiwi kuleta lililokwisha kutatuliwa. Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayotutesa, kwa kuwa kila mtu hupenda kusimulia tatizo akiwa amesimama upande wa pili wake.

Makato yetu ya Agosti yalikuwa asilimia 11. Sitaki kuyapamba. Funguo za kabati la fomu sasa anazo muuguzi wa zamu, na fomu mbili zimepotea, kama nilivyoogopa.

Zamu ya mzee

Kikao cha mwisho kilikuwa kwetu Nkuhungu. Mgeni wetu mpya ni mzee mmoja mwenye kituo njia ya kwenda Kongwa, mtu wa umri wa marehemu baba yangu, ambaye sote humwamkia kwa pamoja anapoingia. Upepo siku hiyo ulikuwa mkali, tukafunga madirisha, chumba kikawa na joto na harufu ya chai ya tangawizi.

Karani wa dada, ambaye sasa huja naye na daftari lake, alikuwa akijaza jedwali ubaoni. Akafika kwenye safu ya mzee, akageuka na chaki mkononi.

"Shikamoo babu. Ninyi mwezi uliopita mlikatwa asilimia ngapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Sisi?" Mzee alijiweka sawa kitini. "Tatu hivi. Changamoto ni za kawaida."

Binti hakuandika. Hakusema neno pia. Nilimwangalia dada, naye akaniangalia, na nikaona kwamba anangoja kama nitasema kitu. Nikasogeza tu sahani ya vitumbua ikapita mbele ya mzee. Nje bodaboda ilipita, mlango wa maabara ukajibamiza kwa upepo.

Mzee alichukua kitumbua, akakiangalia, akakirudisha kwenye sahani. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne, akaanza kuikunjua.

"Ngoja," alisema. "Niulize tena."